NANI APEWE TIMU?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Nachingwea na Ruangwa. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena polepole.

   Waliotoka shambani sasa hivi, wekeni majembe nje, mketi, mpumzike. Wenye madaftari, yafungueni. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: ajira, mgombea, usaili, raia, sababu.

Ajira ni kazi ya kulipwa. Mgombea ni mtu anayeitaka kazi hiyo. Usaili ni kumwita mgombea, kumketisha, kumwuliza maswali na kusikiliza majibu yake. Raia mnamjua. Neno la tano, sababu, liacheni kwanza. Tutalirudia mwisho wa somo, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Leo tutazungumza juu ya mpira wa miguu. Najua wengine mmefurahi, na wengine mmeguna. Msigune bado. Somo hili si la mpira peke yake. Ni somo la kazi, na nani apewe kazi. Kila mmoja wenu amewahi kuomba kazi, au kumwombea mtoto wake. Wengine mmekaa katika kamati ya kuchagua mtu: karani wa mizani wa chama cha ushirika, au mlinzi wa ghala la korosho. Mnajua jinsi jambo hilo linavyoweza kuleta maneno kijijini.

Swali la leo ni hili. Timu inapotafuta kocha mkuu, je, iwepo sheria ya kuwalazimisha viongozi wawafikirie watu ambao kwa kawaida huachwa nje? Au viongozi waachwe wamchague wamtakaye?

Wazee wetu wametuachia methali tatu juu ya jambo hili, na hazipatani. Moja yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, mcheza kwao hutunzwa. Ya tatu yasema, nabii hakubaliki kwao. Basi ikiwa methali zenyewe zinabishana, si ajabu watu nao wakibishana.

TUANZE NYUMBANI

Hapana haja ya kwenda mbali. Ruangwa kuna timu ya Namungo. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na uwanja wake wa nyumbani ni Uwanja wa Majaliwa, wenye jina la mbunge wa zamani wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu kutoka 2015 mpaka 2025.

Tazameni makocha waliopita katika benchi la timu hiyo moja. Alikuwapo Hitimana Thierry, kutoka Rwanda. Katika mwaka 2020 Namungo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchini. Fainali ilichezwa Sumbawanga, na Simba wakashinda mabao 2 kwa 1. Kwa kufika hapo, Namungo ilipata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika.

Baada yake akaja Hemed Suleiman, ambaye watu humwita Morocco. Jina hilo lisiwapoteze. Yeye ni mtu wa Zanzibar. Februari 2021 Namungo ilikutana na timu ya Angola iitwayo 1º de Agosto. Michezo yote miwili ilichezwa Dar es Salaam kwa sababu ya shida za ugonjwa wa korona. Namungo ikashinda kwa jumla ya mabao 7 kwa 5, ikaingia katika makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Baadaye walikuja wengine: Honour Janza kutoka Zambia, Cedric Kaze kutoka Burundi, Mwinyi Zahera kutoka Kongo, na Juma Mgunda, mwananchi wetu aliyejulikana sana kwa kuifundisha Coastal Union ya Tanga.

Sasa hebu fikirini. Mgeni aliifikisha timu fainali. Mwenyeji aliiingiza katika makundi ya Afrika. Mtu akisema mbele yenu kwamba mgeni siku zote ni bora, mwonyesheni Namungo. Na mtu akisema mgeni hana faida yoyote, mwonyesheni Namungo hiyo hiyo.

WANAOSEMA MGENI, WANAOSEMA MWENYEJI

Yafaa tuwasikilize wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, kama tunavyofanya barazani.

Anayetaka mgeni husema hivi: "Sisi tunataka ushindi. Tazameni Yanga mwaka 2023. Walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika wakiwa na Nasreddine Nabi, kutoka Tunisia. Tazameni Simba mwaka 2025. Nao walifika fainali ya kombe hilo hilo wakiwa na Fadlu Davids, kutoka Afrika Kusini. Mwenye timu ndiye anayelipa. Mwacheni anunue ujuzi popote ulipo, kama mkulima anavyonunua jembe zuri bila kuuliza limefuliwa wapi."

Maneno hayo yana nguvu. Hatuwezi kuyapuuza.

Anayetaka mwenyeji hujibu hivi: "Mimi sisemi mgeni afukuzwe. Nasema mwenyeji naye atazamwe. Tazameni habari ya Juma Mgunda. Septemba 2022 Simba hawakuwa na kocha mkuu. Wakampa Mgunda timu kwa muda. Akawaingiza katika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Januari 2023 akaletwa kocha kutoka Brazil, na Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024 kocha mwingine mgeni akaondoka. Nani akaitwa tena? Mgunda. Msimu ulipokwisha, akaletwa mgeni mwingine. Mwenyeji amekuwa kama jiwe la kushikilia mlango: mlango ukipata bawaba, jiwe hutupwa nje."

Maneno haya pia yana nguvu. Labda viongozi walikuwa na sababu nzuri kabisa. Lakini mtu wa nje haijui sababu hiyo. Likumbukeni neno hilo, sababu.

Tazameni tena timu ya taifa. Taifa Stars ilicheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara ya kwanza mwaka 1980. Kisha ikakaa miaka 39 bila kurudi, mpaka mwaka 2019, chini ya Emmanuel Amunike wa Nigeria. Katika fainali zilizochezwa Januari 2024, kocha Adel Amrouche wa Algeria alifungiwa na Shirikisho la Mpira la Afrika, na timu akaachiwa msaidizi wake. Msaidizi huyo ni yule yule Hemed Suleiman aliyepita Ruangwa. Novemba 2024 timu yake iliifunga Guinea bao 1 kwa 0 Dar es Salaam, ikapata tiketi ya fainali nyingine. Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani.

Halafu Novemba 2025, fainali zikiwa zimebaki wiki chache, timu akapewa Miguel Gamondi wa Argentina. Timu ikatoka makundini kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilifungwa na Morocco bao 1 kwa 0 mwanzoni mwa Januari 2026, katika hatua ya timu 16.

Wengine husema, "Mnaona? Mgeni ametufikisha tusipopata kufika." Wengine hujibu, "Nani aliyelima shamba hilo? Mgeni alikuta mahindi yamekomaa." Nami mwalimu wenu sitawaamulia. Nataka muone tu kwamba tukitazama matokeo peke yake, ubishi huu hauishi. Hapana budi tutazame pia njia iliyotumika kumchagua mtu.

SHERIA ZA NAMNA MBILI

Sasa fungueni masikio, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Kuna sheria isemayo MPE. Mathalani, kazi hii ni ya mwenyeji, mgeni haruhusiwi. Au, katika kila watu 10, wawili lazima wawe wanawake. Sheria hii huamua nani akae kitini.

Na kuna sheria isemayo MTAZAME. Yaani, kabla hujamchagua mtu, lazima uwe umemwita na kumsaili pia mtu wa kundi lile linaloachwa. Ukimsaili ukamwona hafai, mwache. Hukulazimishwa kumpa. Umelazimishwa kumtazama tu.

Hizi ni sheria mbili tofauti. Ya kwanza inagawa viti. Ya pili inafungua mlango. Watu wakibishana juu ya sheria za kuajiri, waulizeni kwanza: ndugu, unasema juu ya sheria ya mpe, au sheria ya mtazame? Mara nyingi nusu ya ubishi itakwisha hapo.

HABARI KUTOKA MAREKANI

Sheria ya mtazame iliyo mashuhuri kuliko zote imetoka Marekani. Watu wa huko wana mchezo wao wanaouita futboli, lakini si mpira wetu wa miguu. Mpira wao una umbo kama yai, na hushikwa kwa mikono. Ligi yao kubwa huitwa NFL, nayo ina timu 32.

Katika timu hizo zaidi ya nusu ya wachezaji walikuwa weusi. Lakini msimu wa 2002 ulipoanza, makocha wakuu weusi walikuwa wawili tu. Wawili katika 32. Mwaka huo mawakili wawili, Johnnie Cochran na Cyrus Mehri, walitoa taarifa. Walisema makocha weusi walikuwa wakishinda sana, lakini walikuwa wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufukuzwa.

Wakuu wa ligi wakaweka kanuni, nayo ikaanza kutumika mwaka 2003. Kanuni hiyo iliitwa kwa jina la Dan Rooney, mkuu wa timu ya Pittsburgh Steelers, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoshughulikia jambo hilo. Ilisema hivi: kila timu inayotafuta kocha mkuu lazima imsaili angalau mgombea mmoja wa jamii zilizo chache, kama watu weusi. Mwaka huo huo mkuu wa timu ya Detroit Lions alitozwa faini ya dola 200,000 kwa sababu alimwajiri kocha bila kumsaili mgombea wa namna hiyo.

Je, ilisaidia? Tufanye hesabu. Mwalimu, andika ubaoni. Mwaka 2002: makocha weusi 2. Mwaka 2006: makocha weusi 7. Na mwanzoni mwa 2007, timu mbili zilizofika fainali zote zilifundishwa na makocha weusi, Tony Dungy na Lovie Smith. Timu ya Dungy ilishinda, naye akawa kocha mkuu mweusi wa kwanza kulichukua kombe hilo. Watu wakasema, kumbe walikuwapo, ila hawakuwa wakitazamwa.

Lakini hesabu haijaisha. Mwalimu, andika tena. Februari 2022: kocha mweusi 1. Ndiyo, mmoja tu, Mike Tomlin wa Pittsburgh. Kanuni ilikuwa bado ipo. Ilikuwa hata imeongezwa nguvu. Basi imekuwaje?

Mwezi huo kocha mmoja mweusi, Brian Flores, alikwenda mahakamani. Alidai kwamba timu ya New York Giants ilimwita kwa usaili, na hali ilikuwa imekwisha kumchagua mtu mwingine. Alisema alizipata habari hizo siku tatu kabla ya usaili wake, kwa ujumbe wa simu uliotumwa kwake kwa makosa na kocha mwingine. Timu hiyo ilikana. Ilisema ilimfikiria kwa dhati mpaka dakika ya mwisho.

Sisi si mahakama, hatutahukumu. Lakini tunaweza kujifunza. Sheria ya mtazame ina ugonjwa wake. Mtu anaweza kuitwa, akakaribishwa kiti, akapewa maji, akaulizwa maswali, kumbe kazi imekwisha kutolewa tangu juzi. Huo ni usaili wa danganya toto. Aliyeitwa anarudi nyumbani mnyonge kuliko kama asingeitwa. Sheria imetimizwa kwa karatasi, lakini kwa moyo haikutimizwa.

NA SISI TUMEPITA NJIA HII

Msidhani mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Wazee wa Nachingwea wamesimuliwa, na pengine wachache waliona kwa macho, mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Ulikuwa Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, nao ulivunjika mwaka 1951. Nani waliotoa amri katika mradi ule? Wazungu. Nani waliong'oa visiki? Waafrika. Hata Mwafrika aliyeijua sana kazi hakuketi katika kiti cha mkubwa.

Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, watu walitaka viti vigeuzwe. Januari 1962 Bwana Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akaushika Bwana Rashidi Kawawa, na serikali ikaongeza mwendo wa kuwaweka Waafrika katika kazi za wakubwa. Hiyo ilikuwa sheria ya mpe. Na ilikuwa na haki yake, maana mtu aliyezuiwa mlangoni miaka mingi huwezi kumwambia sasa subiri mlango ujifungue wenyewe.

Lakini likazuka swali. Je, mtu aliye raia wa nchi hii, ila asili yake ni Uhindini au Ulaya, naye aachwe nje? Januari 1964 Nyerere, ambaye sasa alikuwa Rais, alitangaza kwamba katika kazi za serikali ubaguzi kati ya raia na raia uishe. Kitakachotazamwa ni uraia na ujuzi, si rangi. Wengi hawakupendezwa. Tena tarehe 20 ya mwezi huo huo askari wa jeshi waliasi Dar es Salaam. Walitaka mishahara mikubwa zaidi, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondolewe. Jambo la nani apewe kazi si la mchezo, ndugu zangu. Laweza kutikisa nchi.

Na leo je? Tanzania Bara ina Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kocha mgeni naye ni mwajiriwa mgeni, hawezi kufanya kazi bila kibali. Sikilizeni mambo mawili yaliyomo katika sheria hiyo. Kwanza, kabla ya kibali kutolewa, Kamishna wa Kazi lazima aridhike kwamba juhudi zote zimefanywa kumtafuta mwenyeji mwenye ujuzi huo. Pili, mwajiri lazima awe na mpango wa jinsi ujuzi wa mgeni utakavyorithiwa na wananchi.

Je, mnaona? Jambo la kwanza ni ndugu yake kanuni ya Marekani: mtafute mwenyeji kwanza. Jambo la pili ni letu, na naona ni zuri zaidi. Halisemi mgeni asije. Lasema mgeni akija, asiondoke na ujuzi wote mfukoni. Amfundishe mwenyeji aliye karibu naye. Kama linatimizwa, yule msaidizi aliyekaa benchi miaka miwili kando ya kocha mgeni si jiwe la mlango tena. Ni mwanafunzi aliyehitimu, na siku kiti kikiwa wazi yafaa atazamwe wa kwanza.

KABLA YA MLANGO KUNA NGAZI

Jambo jingine lisahauliwalo. Shirikisho la Mpira la Afrika, CAF, hutoa leseni za ukocha kwa madaraja. Mtu huanza chini, daraja D, akapanda C, B, A, mpaka juu kabisa. Anayetaka timu kubwa hapana budi aipande ngazi hiyo. Kozi zinataka ada, nauli, na siku nyingi mbali na shamba.

Kijana wa Nachingwea aliyekwisha kuwafundisha watoto miaka 10 katika kiwanja cha vumbi anaweza kuwa na jicho zuri la mpira. Lakini bila cheti, sheria ya mtazame haimfikii. Ataambiwa, "Tungekutazama, lakini huna leseni." Na ni kweli, hana. Kwa hiyo anayetaka haki mlangoni lazima atake pia haki kwenye ngazi.

Tuseme hivyo hivyo juu ya wanawake. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda India kwenye Kombe la Dunia, wakafika robo fainali. Kocha wao, Bwana Bakari Shime, aliifanya kazi hiyo vizuri. Hatumwonei wivu. Lakini hata katika mpira wa wanawake, kocha mwanamume si jambo la kushangaza, na kocha mwanamke akipewa timu ya wanaume huwa habari ya magazeti. Wapo wanawake waliokwisha kuonyesha njia, kama Bibi Edna Lema aliyekuwa kocha mkuu wa Yanga Princess. Swali ni hili: kiti kinapokuwa wazi, je, jina la mwanamke lipo katika orodha? Au halikufika hata mezani?

SABABU IANDIKWE

Sasa turudi kwa lile neno la tano. Nalo nitalieleza kwa mfano wa kubuni.

Tufikiri kijiji kimoja kina timu ya mpira, na duka la ushirika limejitolea kumlipa mwalimu wa timu. Wagombea ni watatu. Mmoja ni mgeni kutoka mjini, mwenye cheti. Wa pili ni kijana wa kijijini, asiye na cheti, aliyewafundisha watoto miaka mingi. Wa tatu ni bibi mmoja aliyecheza mpira shuleni, mwenye cheti cha chini. Kamati ikaketi jioni moja, ikamchagua yule wa mjini. Asubuhi kijiji kizima kinanong'ona. Wengine wanasema amehonga. Wengine wanasema ni mpwa wa mwenyekiti. Pengine si kweli hata kidogo. Lakini nani atajua? Hakuna kilichoandikwa.

Sasa tufikiri kamati hiyo ilifanya vingine. Kwanza ilibandika tangazo penye mti wa mkutano, likieleza kazi, mshahara na sifa zinazotakiwa. Pili iliwaita wote watatu, siku moja, ikawauliza maswali yale yale. Tatu katibu aliandika katika kitabu: huyu tumemwona hivi, na huyu tumemwona hivi. Nne iliandika sababu ya kumchagua aliyechaguliwa, na sababu ya kuwaacha waliobaki. Mwisho iliandika kwamba yule kijana na yule bibi watakuwa wasaidizi, wafundishwe, na baada ya miaka miwili watazamwe tena.

Huenda kamati hii nayo ikamchagua yule yule wa mjini! Lakini kijana anaweza kwenda kwa katibu na kusema, "Shikamoo mzee, naomba nisome sababu ya kuachwa kwangu." Akisoma kwamba ni kukosa cheti, anajua la kufanya. Akikuta ukurasa mtupu, pia anajua.

Ndiyo maana nimewaletea somo hili ninyi, wanafunzi wa kusoma na kuandika. Sheria ya mtazame haiwezi kulindwa na mtu asiyesoma. Danganya toto hustawi mahali ambapo hakuna kinachoandikwa, au kinaandikwa na hakuna anayekisoma. Mnaofuata habari za vyama vyenu vya msingi, mnaouza ufuta na korosho kupitia chama kikuu cha RUNALI, mnajua tofauti kati ya mizani isomwayo na karani peke yake na mizani isomwayo na mkulima mwenyewe. Kuchagua mtu kwa kazi nako kuna mizani yake. Jifunzeni kuisoma.

Basi neno langu la mwisho ni hili. Kumtazama mtu si kumpa kazi. Lakini kutomtazama kabisa ni kumnyima kabla hajaomba. Na kumtazama bila kuandika sababu kwakaribia sana kutomtazama.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Mwalimu wa darasa, waache wanafunzi wazungumze, kila mmoja kwa zamu.

1. Sheria ya mpe na sheria ya mtazame zina tofauti gani? Ipi ingefaa kwa timu ya kijiji chenu? Kwa nini?

2. Kama wewe ungekuwa kiongozi wa Namungo, ungetafuta nini kwanza kwa kocha: nchi yake, leseni yake, matokeo yake, au jinsi anavyowafundisha wasaidizi wake?

3. Timu 32 za Marekani zilikuwa na makocha wakuu weusi 7 mwaka 2006. Ni timu ngapi zilizobaki? Februari 2022 alibaki mmoja. Walipungua wangapi?

4. Je, kuna kazi hapa Nachingwea au Ruangwa ambayo wanawake hawatazamwi kabisa? Itajeni bila kumtaja mtu kwa jina.

KAZI YA KUANDIKA

Andikeni katika madaftari tangazo fupi la kazi ya mwalimu wa timu ya kijiji. Tangazo liseme kazi ni nini, sifa gani zinatakiwa, barua zipelekwe kwa nani, na mwisho wa kupokea barua ni siku gani. Kisha kila mmoja ampe jirani yake tangazo lake alisome kwa sauti. Jirani akikwama mahali, pasahihisheni pamoja.

Nami nawatakia jioni njema, ndugu wanafunzi. Zimeni taa vizuri, na mtunze madaftari yasilowe. Kwaherini, mpaka somo lijalo.